Maswali na Majibu: Kokeini, Punda na Wenye Mzigo

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kokeini. Nimechagua sita.

Je, ni kweli kwamba Coca-Cola ina kokeini? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Ilikuwa nayo ilipoanza kuuzwa mwaka 1886, ikaondolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Swali hili huletwa kila mara, na wanaolileta wangefaa kuuliza yale yanayoua watu sasa.

Kwa nini serikali ya Kolombia isifyeke mashamba yote ya koka, mmea unaotoa kokeini, mambo yakaisha? (Msomaji, Kisumu)

Imefyeka kwa miongo kadhaa, na hadi mwaka 2015 ndege zilikuwa zikinyunyizia mashamba hayo sumu ya glifosati kutoka angani. Hata hivyo, mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa koka ilikuwa imeenea katika hekta 253,000 nchini humo. Mkulima wa majimbo ya koka kama Putumayo au Cauca hana barabara ya kufikishia ndizi zake sokoni, ilhali mnunuzi wa koka humfuata hadi shambani, tena kwa mavuno kadhaa kila mwaka. Waasi wa FARC walipokubali kuweka silaha chini mwaka 2016, serikali ilichelewa kufika katika maeneo waliyoyaacha, na makundi mengine yenye bunduki yakawahi. Kilo ya kokeini inayouzwa Kolombia kwa dola 2,000 hivi huuzwa kwa jumla barani Ulaya kwa zaidi ya mara kumi ya bei hiyo, na aliyevuna majani haambulii kitu katika ongezeko hilo. Kwa hiyo, anayetaka kuanzia kwa mkulima anaanzia mahali ambapo fedha hazipo.

Ndugu yetu anatumia kokeini. Tumpeleke kliniki ipi ya methadoni? (Familia, Tanga)

Mpelekeni kwanza akapimwe, mjue anatumia nini hasa. Methadoni, ambayo hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, ni tiba ya waraibu wa heroini, na heroini hutokana na afyuni, si koka. Nimeandika jambo hili mara nyingi, na bado watu wanaita kila unga kokeini, wakati unaoingia zaidi katika pwani yetu ni heroini inayosafirishwa kwa majahazi kutoka upande wa Irani na Pakistani. Huenda basi methadoni ikamfaa. Ikiwa ni kokeini kweli, hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuuondoa uraibu wake. Kinachosaidia ni ushauri wa kitaalamu wa muda mrefu, hasa ule unaomtuza mgonjwa kila vipimo vinapoonyesha kuwa hakutumia. Kumfunga kamba chumbani si tiba.

Hapa London marafiki zangu huitumia mwishoni mwa wiki tu, pamoja na pombe. Wana afya njema. Kuna hatari? (Msomaji, London)

Ipo, tena kubwa. Kokeini huubana mshipa unaolisha moyo wakati huohuo inapoulazimisha moyo uende mbio, na ndiyo maana kijana asiye na ugonjwa wowote anaweza kupata shambulio la moyo muda mfupi baada ya kuivuta. Ikikutana na pombe, ini hutengeneza kemikali nyingine, kokaethilini, inayokaa mwilini kwa muda mrefu zaidi na kuudhuru moyo zaidi. Isitoshe, unga huo huenda umechanganywa na levamisoli, dawa ya minyoo ambayo wafugaji wetu wanaijua vizuri, nayo inaweza kuangamiza chembe nyeupe za damu. Mwenzako akishikwa na maumivu ya kifua, apelekwe hospitali mara moja na daktari aambiwe ukweli, kwa sababu zipo dawa za moyo zisizomfaa mtu mwenye kokeini mwilini.

Mwanangu ameahidiwa safari ya Brazili na mtu waliyejuana mtandaoni. Tikiti na hoteli vimelipwa. Atarudi na begi la sampuli za nguo. Nimruhusu? (Mama, Dar es Salaam)

Mama, mzuie leo, na pasipoti uishike wewe. Hakuna mfanyabiashara anayemlipia kijana asiyemjua nauli ya kuvuka bahari ili alete nguo. Begi litakuwa limeshonewa unga, au akifika huko atalazimishwa kumeza kete, na kete moja ikipasuka tumboni inatosha kumuua. Padri John Wotherspoon, anayewahudumia wafungwa wa Hong Kong, alisambaza barua za vijana wetu waliofungwa huko, wakiwasihi wenzao wasikubali kuwa punda, yaani wabebaji wa dawa za kulevya za wengine. Aliyemtuma hatafika mahakamani kumtetea, wala hatamletea mzazi pole.

Watu wanakamatwa kila siku. Mbona biashara haipungui? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu punda hupatikana mwingine siku hiyohiyo. Mzigo mkubwa husafiri ndani ya makontena, mara nyingi katikati ya ndizi zinazotoka Guayaquil nchini Ekuado, na katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, peke yake zilikamatwa tani 116 mwaka 2023. Kenya nayo ilikamata zaidi ya tani moja Malindi na Nairobi mwaka 2004. Shehena ya namna hiyo haipiti bila wakala wa forodha, mwenye ghala na ofisa wa kutazama pembeni. Kisha fedha hutafuta benki: mwaka 2012 HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 nchini Marekani, baada ya fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Meksiko na Kolombia kupita katika akaunti zake, na hakuna mkurugenzi wake aliyefungwa kwa hilo. Mamlaka zetu zinapotuonyesha kijana na kete zake mbele ya kamera, waandishi waulize kampuni iliyopokea kontena la mwisho lililokamatwa ni ya nani, nani alisaini karatasi zake, na mali gani imetaifishwa.