Taa ya kale ya shaba kwenye nyumba ya boriti: toa waya zote, usitoboe tangi

Mleta mada ana taa ya kuning'inia ya shaba yenye vioo vya rangi, ameikuta kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja. Zamani ilikuwa ya mafuta, baadaye ikatiwa umeme. Anauliza kama waya zake za kitambaa bado zinafaa, aisafishe kwa nini, na kama boriti ileile itaibeba. Naanza na waya kwa sababu ndizo zinazoua.

Waya hizo ndani zina mpira, kitambaa ni vazi tu. Mpira hukaushwa na joto la balbu na umri. Ukunje waya taratibu karibu na holda: ukisikia unakatika-katika na unga mweusi unadondoka, shaba imebaki uchi ndani ya kitambaa kinachoonekana kizima. Zitoe zote, kuanzia holda hadi kikombe cha darini (kile kinachofunika viungo vya waya juu). Katika taa nzima, hicho ndicho kitu pekee cha kubadilisha bila huruma. Vingine viguse kidogo, na kwa namna ambayo atakayekuja baadaye anaweza kuvirudisha vilivyokuwa.

Usizing'oe ovyo. Funga uzi imara wa nailoni kwenye ncha ya waya wa zamani, kisha vuta upande wa pili. Uzi utabaki ndani ya mkono wa taa na ndio utakaovutia waya mpya. Kabla ya kuvuta, pitisha tupa ndogo ya mviringo kwenye midomo ya mabomba, maana makali yake huchuna ganda la waya na hitilafu hujitokeza miezi kadhaa baada ya fundi kuondoka. Ndani ya mikono myembamba tia waya wa milimita za mraba 0.5 wenye ganda la silikoni. Kutoka darini kushuka kwenye taa tumia wa 0.75 wenye nyaya tatu ndani: kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Ukikuta nyekundu na nyeusi ukutani, huo ni mpango wa zamani wa Kiingereza: nyekundu moto, nyeusi nyutro. Pima kwanza, usiamini rangi peke yake.

Mwili wa taa ni metali tupu inayopitisha umeme, kwa hiyo ethi ni lazima, hata kama taa haikuwahi kuwa nayo. Kwangua sehemu iliyojificha ndani ya kikombe hadi shaba ing'ae, funga ethi hapo kwa skrubu ya shaba na washa (pete bapa) yenye meno. Kisha weka multimita (kipimo cha umeme) kati ya waya wa ethi na kila mkono wa taa. Isome chini ya omu 1. Mkono unaosoma juu zaidi una kutu au vanishi kwenye kiungo, ufungue uusafishe. Holda ya balbu ya kuzungusha ipelekewe moto kwenye kidoti cha katikati na nyutro kwenye hesi za pembeni zinazoshika balbu, la sivyo anayebadilisha balbu atashika umeme kwa vidole. Kwenye saketi, breka ya ampea 6 na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30.

Kama tangi la mafuta bado lipo, usilitoboe chini kupitisha waya. Tundu moja linaharibu taa moja kwa moja, na halizibiki bila kuonekana. Zinauzwa holda zinazokaa mahali pa kichwa cha utambi na kutoa waya ubavuni. Pima kwa kalipa (kipimo cha kubana cha milimita) upana wa mdomo wa tangi ulipofungwa kichwa: vichwa vya mtindo wa Kimarekani namba 1 vina kama milimita 22, namba 2 kama 32, namba 3 kama 44. Ukiwa na kipimo hicho hutanunua kwa kubahatisha.

Kusafisha. Weka sumaku kwanza. Ikinata, hiyo ni bati au chuma kilichopakwa shaba juu, na ukisugua kwa nguvu utaliondoa koti lote. Isiponata, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kausha, ndipo uamue. Ukwaju na ndimu vinang'arisha, lakini ni asidi: zikikaa muda mrefu zinakula zinki iliyo ndani ya shaba ya njano, na uso unabaki na mabaka ya waridi. Paka, sugua kwa kitambaa, suuza papo hapo. Stilwaya isikaribie kabisa, huacha mikwaruzo na hufuta nakshi. Usitumie moto pia, kwani viungo vingi vimeungwa kwa risasi laini na vitaachia. Mimi napendelea kubakiza weusi ndani ya mashimo ya nakshi na kung'arisha miinuko tu, maana ule weusi ndio unaofanya nakshi isomeke. Malizia na nta ya nyuki. Kwa hewa ya chumvi ya pwani bila nta shaba hufifia upesi sana.

Vioo vioshe kimoja kimoja ndani ya beseni lililotandikwa taulo. Jaribu kwanza kwa pamba iliyoloweshwa kidogo mahali pa kificho: rangi ikitoka, kioo kimepakwa, hakikutiwa rangi wakati wa kuyeyushwa, na hicho futa vumbi tu. Skrubu za kushikilia kioo ziache na nafasi ya kama milimita 1. Kioo hutanuka kikipata joto, na kikibanwa hupasuka. Balbu ya LED ya wati 4 yenye mwanga wa njano wa 2700 K inatosha. Kwenye kandili iliyofungwa, kubwa kuliko hiyo hujipika yenyewe.

Boriti huoza kwanza pale inapoingia ukutani, kwa sababu mawe ya matumbawe hunyonya unyevu. Ichome kwa bisibisi nyembamba karibu na ukuta. Ikizama, ndoano isiwe hapo wala kwenye boriti hiyo. Ikiwa nzima, funga kipande cha mbao ngumu kikishika boriti mbili na utundike katikati yake. Boriti ni ngumu mno: skrubu ya milimita 6 itobolee kwanza kwa keekee ya 4.5, la sivyo itakatika kichwa. Skrubu na ndoano ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kisha ning'iniza mfuko wa kilo 25 usiku kucha ikiwa taa ina kilo 5 au 6. Taa ibebwe na mnyororo, waya upite umelegea kwenye pete zake.

Waya wa darini upitishe kando ya boriti, usichimbe ukuta. Ukilazimika kuchimba, ziba kwa chokaa 1 na mchanga 3, kila tabaka lisizidi milimita 10, lowesha ukuta kabla na uuweke unyevunyevu siku kadhaa. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipumui: maji hutafuta njia pembeni ya kiraka, chumvi hufuata, na plasta ya zamani huanza kubanduka kuzunguka kiraka chako.