Usiilaumu springi, tazama uma umelala vipi

Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani ilikuwa na springi mbele na nyuma, nikadhani sina la kuongeza. Mteremko wa kwanza wenye mizizi, gurudumu la mbele likagota kwenye jiwe dogo kama ngumi, nyuma ikanyanyuka, nami nikapitiliza juu ya usukani. Nilikaa wiki mbili kiganja kimevimba, nikiilaumu springi bure.

Tatizo lilikuwa umbo la fremu. Uma wake, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ulisimama karibu wima, nyuzi 71 hivi kutoka ardhini, na shingo iliyoshika usukani ilikuwa ndefu, milimita 100. Kwa hiyo kwenye mteremko kifua changu kilikuwa juu kabisa ya gurudumu la mbele. Likikwama, mwili unaendelea na safari.

Baiskeli nyingi za siku hizi za njia za porini zina uma uliolala, nyuzi 64 hadi 66. Gurudumu linatangulia mbele yako, na usukani hauyumbi ovyo kila ukigusa jiwe. Gharama yake utaiona ukipanda: kwenye mwendo wa polepole mbele kunakuwa kwepesi, gurudumu linatangatanga. Ndiyo maana bomba la siti nalo limesimamishwa zaidi, ili uzito wako ukae juu ya pedali.

Fremu ile sikuweza kuibadilisha, nikabadilisha shingo: milimita 50, pamoja na usukani mpana zaidi. Kona zikawa tulivu siku hiyohiyo. Ila angalia, shingo fupi inakuvuta nyuma. Kama fremu yenyewe ni fupi, magoti yatakaribia kugonga usukani.

Kuhusu magurudumu sina maneno mengi. Inchi 29 yanavuka mashimo kwa urahisi, madogo yanageuka upesi.

Starehe, kwangu mimi, imo kwenye upepo wa tairi kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa najaza psi 40, mikono inakufa ganzi. Sasa nina tairi pana za inchi 2.4 zisizo na tyubu, na kwa uzito wangu wa kilo 75 natia psi 22 mbele, 25 nyuma. Mwenye tyubu asishuke hivyo: rimu itaibana tyubu kwenye jiwe, nawe utakuta matundu mawili sambamba, kama nyoka ameuma.

Halafu springi. Vaa mzigo wako wote, sukuma ile pete ndogo ya mpira iliyo kwenye mhimili wa springi mpaka iguse mwili wa springi, panda baiskeli taratibu, ishuke taratibu, upime pete imesogea kiasi gani. Springi ya nyuma inatakiwa izame kama asilimia 25 hadi 30 ya urefu wote inaoweza kubonyea. Yangu ilikuwa inazama 10 tu, miaka yote ile!

Pampu na pete utazishughulikia nyumbani wakati wowote. Pembe ya uma inakuja na fremu, kwa hiyo muulize muuzaji nyuzi ngapi kabla hujauliza springi zinabonyea kiasi gani.