Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Kupangisha Tanga, Mnunuzi Yuko Tabora

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ipuli hapa Tabora. Nataka sehemu ya kiinua mgongo changu niiweke kwenye nyumba ya kupangisha jijini Tanga, kwa sababu nasikia bomba la mafuta na bandari vitaujaza mji huo wapangaji. Dalali mmoja amenitumia kwa simu picha za nyumba ya vyumba vitatu karibu na bahari, bei shilingi milioni 60, na anasema itapangishwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Anataka nitume kishika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Sijawahi kufika Tanga na sina ndugu huko. Nianzie wapi kuuchunguza mji nisioujua, na nikishanunua, nani atanikusanyia kodi?

Mwalimu mstaafu, Ipuli, Tabora

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ombi langu la kwanza ni kwamba usitume kishika nafasi chochote, si mwisho wa mwezi huu wala ujao, mpaka uwe umelala Tanga na kuamka Tanga. Nyumba itakayokosekana kwa sababu ulikwenda kuitazama si hasara, lakini kiinua mgongo kikishapotea hakuna mshahara wa mwezi ujao wa kukifidia.

Tuanze na hesabu, maana hiyo unaweza kuifanya ukiwa hapo Ipuli. Shilingi 300,000 kwa mwezi ni milioni 3.6 kwa mwaka, yaani asilimia 6 ya bei, na hapo tumekubali kwamba dalali amesema kweli na kwamba nyumba haikai wazi hata siku moja. Ukitoa mwezi mmoja wa kukosa mpangaji, ukatoa ujira wa msimamizi, rangi na matengenezo, utabaki na takriban milioni 2.7, na kwa kiwango hicho mtaji wako utarudi baada ya miaka zaidi ya 22. Kwa kijana aliyeajiriwa jana huenda hilo likavumilika. Kwa mstaafu, linganisha kwanza na hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, ambazo hazihitaji bati wala fundi bomba.

Kuhusu bomba la mafuta ghafi, ni kweli kwamba linatoka Hoima nchini Uganda na kuishia Chongoleani, kaskazini mwa ghuba ya Tanga, kwa urefu wa kilomita 1,443. Hata hivyo, kinachohitaji maelfu ya watu ni ujenzi, na ujenzi una mwisho. Kuliendesha bomba lililokwisha kujengwa kunahitaji watu wachache zaidi. Wewe una bahati ya kuwa na kielelezo ndani ya mkoa wako. Nenda Nzega, uwaulize wenye nyumba za kupangisha kilichotokea tangu kiwanda cha kuyavika mabomba hayo koti la kuhifadhi joto kilipojengwa kijijini Sojo: kodi ilipanda kwa kiasi gani, waliohamia walikuwa watu gani, walikaa muda gani, na kampuni ziliwawekea kambi wafanyakazi wangapi. Majibu ya watu hao yatakusaidia kuliko matangazo yote ya viwanja vya Tanga.

Mpangaji wa kumtegemea ni yule ambaye angekuwepo hata bomba lisingekuja, kama vile muuguzi wa Hospitali ya Bombo, mwalimu, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Pongwe, au karani wa bandari, ambayo imeongezewa kina hadi mita 13 na sasa meli kubwa zinafunga gatini badala ya kushushia mizigo kwenye matishari. Sasa jiulize kama mtu wa aina hiyo angekubali kuishi kwenye nyumba uliyoonyeshwa, na angefikaje kazini kila asubuhi.

Jibu la swali hilo hulipati kwa simu. Ndiyo maana nakushauri, kabla ya kununua, uwe mpangaji wa mji huo. Panda basi, upite Singida, Dodoma, Morogoro, Chalinze na Segera, ushuke Kange, kisha utafute chumba katika mtaa uleule wa nyumba ile, ikiwezekana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Mpangaji huambiwa mambo ambayo mnunuzi hufichwa. Atajua majirani wanalipa kiasi gani hasa, kama wenye nyumba hupata kodi ya miezi sita kwa mkupuo au huifuata mwezi kwa mwezi, maji hutoka siku zipi, na vyumba vingapi vina vibao vya “inapangishwa” ambavyo vimepauka kwa jua. Nyinyi wa Tabora, mlioishi kwa kutegemea bwawa la Igombe kabla ya maji ya Ziwa Victoria kuwafikia, hamhitaji kufundishwa uzito wa swali la maji. Ongeza tu kwamba pwani kisima kinaweza kuwa na maji tele lakini ya chumvi.

Maneno “karibu na bahari” yanahitaji uangalifu wa peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo pima umbali huo, tena upime wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, si wakati wa maji mafu ambapo bahari inaonekana mpole na iko mbali. Kisha inama utazame ukuta kwa chini. Ukipitisha kidole kikatoka na unga mweupe, na lipu inamung’unyuka hadi usawa wa goti, hiyo ni chumvi, na rangi mpya inayoonekana kwenye picha imepakwa juu yake. Kagua bawaba za milango, nondo za madirisha na misumari ya bati, kwa maana hewa ya bahari hula chuma kwa kasi ambayo mtu wa bara haitarajii.

Umiliki nao uchunguzwe na wakili uliyemtafuta wewe, wala si aliyeletwa na dalali. Afanye upekuzi rasmi wa hati kwa Msajili wa Hati, aulize deni la kodi ya pango la ardhi, alinganishe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na ramani ya upimaji, na aangalie mchoro wa mipango miji usije ukanunua eneo lililotengwa kwa barabara. Stakabadhi ya LUKU itaonyesha makato ya kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hulipwa humo. Katika miji ya zamani ya pwani, nyumba nyingi ni za urithi, na muuzaji mwenye uso wa ukarimu anaweza kuwa mmoja tu kati ya warithi saba. Dai barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na ridhaa ya mwenzi iliyoandikwa kama muuzaji ana ndoa. Waulize pia wazee wa mtaa na wa msikiti kama nyumba iliwahi kuwekwa wakfu, kwa kuwa mali ya wakfu haiuzwi.

Kuhusu kukusanya kodi, asiwe dalali aliyekuuzia. Mwanasheria au wakala wa nyumba mwenye ofisi inayojulikana anafaa, kwa mkataba wa maandishi, mradi mpangaji alipe moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki na msimamizi alipwe na wewe baada ya hapo. Kazi yake iwe kukagua nyumba kila baada ya miezi mitatu, kukutumia picha za kila chumba, na kuomba idhini yako kabla ya matengenezo yoyote yanayozidi kiasi mtakachokiandika. Kama mpangaji wako ni kampuni au taasisi, itakata asilimia 10 ya kodi kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato, hivyo dai cheti cha makato hayo kila mara na ukitunze.