Kimbunga Kikija Mtakimbilia Wapi? Barua kwa Mwanangu

La Paz, Meksiko, mwisho wa Mei

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako tumeupata, na sauti za wajukuu tumezisikia. Baba yako alizirudia mpaka simu ikaisha chaji. Unasema tangu Hidaya ya Mei 2024, ilipoipiga Mafia na nyinyi huko Mombasa mkakatazwa kwenda ufukweni, kila ukisikia jina la kimbunga unatufikiria sisi. Umeuliza mawili. Kimbunga kikija tutakimbilia wapi? Na je, wewe na mkeo mnaweza kuleta watoto Agosti, shule zikifungwa? Nitalijibu la kwanza kwa urefu, maana ukilielewa hilo, la pili utalijibu mwenyewe.

Kimbunga kikishakuja, hakuna pa kukimbilia. Boti yetu ikienda vizuri inakwenda maili tano za baharini kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kimbunga kinatembea mara mbili au tatu ya hapo, na mawimbi yake yanatangulia mbali kuliko upepo. Kwa hiyo kukimbia kwetu ni sasa, mbingu zikiwa nyeupe na bahari imelala, mtu wa bara akituona atauliza tunamkimbia nani. Msimu wa vimbunga upande huu wa Pasifiki unahesabiwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 30 Novemba, na wiki hizi hapa La Paz ni pilikapilika tupu. Wengine wamepeleka boti zao Guaymas, ng'ambo ya pili ya ghuba, zikapandishwa nchi kavu na kufungwa kwa mikanda, wao wakapanda ndege kwenda makwao. Wengine wamelipia gati na kuomba Mungu. Sisi, ambao makwetu ni humu humu chomboni, tunapanda kaskazini.

Chukua ramani uwaoneshe watoto. Baja California ni kama kidole kirefu kilichochomoza baharini, na kati yake na Meksiko yenyewe ndiyo hii Bahari ya Cortez tunayokaa. Vimbunga huzaliwa kusini, kwenye maji ya moto, na vingi hupinda vikaenda kufia magharibi katikati ya Pasifiki. Vinavyorudi nchi kavu mara nyingi hukata ncha ya kidole, huko Cabo San Lucas na hapa La Paz. Ukipanda juu vinapungua, na vinavyofika vimeshachubuliwa na milima. Kampuni nyingi za bima hukuandikia kabisa kwamba miezi hiyo boti iwe juu ya latitudo ya 27, la sivyo ikivunjika shauri lako.

Kaskazini nako si kinga ya moja kwa moja, nisikudanganye. Jimena, Septemba 2009, iliigharikisha Mulegé na Guaymas. Newton ya 2016 ilivuka ghuba ikaenda kupiga karibu na Bahía Kino, kaskazini-magharibi ya Guaymas hiyo hiyo ambako watu wanahifadhi boti. Tunachofanya ni kupunguza hatari kwa mahali na kwa tarehe, basi.

Hili kwenu si geni, ila mmelisahau kwa kuwa sasa mnapanda ndege. Babu yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alikwenda na jahazi kutoka Lamu mpaka Uarabuni na kurudi, na hakuna siku aliyogombana na kusi. Kusi likichacha bahari imefungwa, vyombo vinapandishwa, watu wanashona matanga na kuozesha mabinti. Likipungua, safari ya kwenda; kaskazi ikiingia, safari ya kurudi. Hakuna aliyemwita mwoga. Baba yako alikuwa injinia wa meli miaka yote ile, kwake bahari ni kitu cha kupita tu kwa nguvu za mashine, na mpaka leo namkumbusha kwamba hiki chetu ni chombo cha tanga, na tanga lina miezi yake.

Alitaka tubaki La Paz mwaka huu. Hapa anao wenzake wa kahawa, ana fundi wa jenereta anayemwamini, na soko la samaki liko karibu. Nikamwambia Odile. Usiku wa tarehe 14 Septemba 2014 Odile ilipiga Cabo San Lucas ikiwa ya daraja la tatu kati ya matano, ikapanda mpaka ghuba hii hii ninayokuandikia. Boti nyingi zilizama au zilitupwa ufukweni, na kuna mabaharia waliokufa kwa kubaki vyomboni mwao. Mabaki mengine bado wazee wa hapa wanakuonesha kwa kidole yalipokuwa. Baba yako akanyamaza, kesho yake nikamkuta anakagua pampu ya maji ya injini. Ndiyo ilikuwa jibu lake.

Tunakokwenda ni Bahía de los Ángeles, zaidi ya maili 300 za baharini kutoka hapa. Hatukimbizani: Isla San Francisco, San Evaristo, Agua Verde wanakofuga mbuzi, Puerto Escondido kujaza mafuta, kisha Santa Rosalía, mji wa mgodi wa shaba uliojengwa na Wafaransa, wenye kanisa la chuma na mkate mzuri. Kule juu, kusini kidogo ya kijiji, kuna hori inaitwa Puerto Don Juan. Unaingia kwa mlango mwembamba, unapinda, halafu bahari huioni tena; umezungukwa na vilima vikavu pande zote kama uko bwawani. Boti zote za eneo lile hujazana humo kimbunga kikitajwa. Kazi yetu kuanzia Julai ni kutokuwa mbali nako zaidi ya nusu siku, na kusoma taarifa ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kule Miami asubuhi na jioni. Mvivu wa kusoma taarifa, huku hafai.

Tukishaingia Don Juan kazi ndiyo inaanza. Tanga la mbele tunalishusha lote na kulitia ndani. Watu wengi wanalizungusha tu kwenye waya wake na kulifunga kamba, na hapo ndipo wanapopotezea boti, kwa sababu upepo ukipata upenyo wa kiganja unalichomoa, na tanga likishafunguka linaing'oa nanga. Kisha tanga kuu, turubai la kivuli, paneli za sola, ndoo, majiko ya nje, kila chenye kushika upepo. Mashua ya mpira tunaitoa upepo na kuikunja. Mnyororo tunaumwaga karibu wote, na ile kamba inayopunguza mshtuko wa mnyororo tunaivalisha kipande cha mpira wa kumwagilia maua pale inapopita kwenye chuma cha omo, mbele ya chombo. Kamba haikatwi na nguvu, mwanangu, inasagwa. Kazi hiyo, kwa magoti ya watu wa umri wetu, inakula mchana mzima, na sebule inajaa matanga mpaka hakuna pa kukaa.

Na ikionekana kimbunga kimetulenga sisi hasa, tunafunga milango tunapanda kijijini. Hilo nililiwekea sharti kabla hata hatujanunua boti. Umesikia ya Otis? Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2023 ilitua Acapulco. Ndani ya saa 24 iliruka kutoka dhoruba ya kawaida mpaka daraja la tano, ambalo ndilo la mwisho, na hakuna aliyepata muda wa kufanya lolote la maana. Wengi wa waliokufa au kupotea walikuwa manahodha na mabaharia wa kuajiriwa, waliobaki kwenye boti za matajiri kuzilinda. Kinaniuma hicho kuliko idadi ya boti zilizozama. Mtu anamwachia mke na watoto kilio kwa ajili ya chombo ambacho mwenyewe yuko nyumbani kwake, na chombo chenyewe kina bima.

Sasa nikwambie kinachonitisha mimi kwa kweli, maana kimbunga angalau kinatangazwa siku kadhaa kabla. Ni chubasco. Hizi ni dhoruba za usiku za miezi ya joto, zinatoka upande wa jimbo la Sonora, zinavuka ghuba watu wakiwa wamelala. Unaona radi mbali mashariki, kimya, huna hata uhakika kama inakuja kwako. Kisha joto linakatika ghafla, upepo unapiga kutoka upande ambao nanga haikutegwa, na kwa muda wa saa moja au mbili unakaa kwenye usukani, injini inanguruma, ukiomba jirani yako naye awe ameamka. Mlingoti wetu ndio mrefu kuliko kila kitu pale, na radi inajua. Simu na redio ndogo tunazitia ndani ya oveni. Wanasema chuma chake kinazikinga. Baba yako alitaka kuoka mkate asubuhi bila kukagua, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Mchana ni joto la jangwa, nyuzi 40 na kitu, na bahari yenyewe haipoi. Huko hakuna mto wala kijito, kwa hiyo nyuki wananusa maji yasiyo ya chumvi kutoka mbali. Ukiacha tone kwenye kikombe, anakuja mmoja, ananusa, anaondoka. Baada ya muda mfupi wamejaa jikoni wote. Nimejifunza kukausha sinki kwa kitambaa kila nikimaliza kuosha vyombo, na nguo zenye maji hazianikwi nje mchana. Ukitaka picha ya maisha yetu ya kiangazi, ni mimi na baba yako tumekaa chini ya turubai, neti imeshushwa, tunakula nguru wa kupaka. Nguru wapo, wanawaita sierra, wembamba kuliko wetu lakini ladha ni ile ile. Na papa potwe kama wa Mafia nao wapo, wanakuja ghuba hiyo kiangazi kula vijidudu vya maji, wanapita ubavuni mwa boti bila haraka.

Umeona, basi, Agosti hapana. Watoto wadogo, joto lile, radi zile, na daktari yuko mbali kwa gari. Si mahali pa kumleta mjukuu kwa mara ya kwanza.

Njooni Desemba. Wakati huo sisi tutakuwa tumeshuka, kwa sababu baridi ikiingia ghuba ya juu inapigwa na upepo mkali wa kaskazini siku hata tatu mfululizo, nao tunaukimbia vile vile. Tutakuwa La Cruz de Huanacaxtle, kwenye Bahía de Banderas, na uwanja wa ndege wa Puerto Vallarta uko karibu. Vimbunga vimekwisha. Nyangumi wamefika kuzaa, huhitaji hata kwenda kuwatafuta, unawasikia usiku ukiwa umelala, sauti inapita kwenye mbao. Tukipata hali nzuri tutashuka nao mpaka Tenacatita na Barra de Navidad, kisha nataka kumpeleka mkeo Colima akanywe tuba. Ni tembo la mnazi, hilo hilo la kwenu. Minazi na wagema walikuja na merikebu za kutoka Manila, zilizokuwa zikifika Acapulco karne mbili na nusu, mpaka 1815. Wanaliuza asubuhi likiwa bado tamu, wanatia karanga juu, wanabeba kwenye kibuyu begani. Likichacha, mimi na wewe tunajua hukumu yake.

Nafasi mtapata. Nyinyi wawili chumba cha mbele, watoto sebuleni, meza inashuka inakuwa kitanda. Wafundisheni tangu sasa choo cha pampu, na waambie hakuna kinachotiwa humo ambacho hawajakila kwanza. Maboya ya kuvaa ya saizi yao nitanunua hapa. Kuhusu swala, baba yako ana vituko vyake: hapa La Paz maji yakipwa na upepo ukivuma kinyume, boti zote zinazunguka ovyo juu ya nanga zao, mabaharia wa hapa wanaiita ngoma ya La Paz. Kibla ni kaskazini-mashariki. Anaanza rakaa ya kwanza sawasawa, akifika ya tatu kiuno kimeshapinda kumfuata Mungu, na mimi nyuma yake nashindwa kujizuia kucheka. Ghuba ya Banderas haina tabia hiyo.

Jambo la kushughulikia mapema ni viza. Aliye na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen za Ulaya, Meksiko inamruhusu kuingia kutembea bila viza yao. Mkeo bado ana ile ya Uingereza aliyopata ya kazi. Angalieni tarehe isiwe imekwisha kabla ya Desemba. Wewe na watoto hamna, kwa hiyo mtakwenda ubalozi wa Meksiko Nairobi, na miadi yao si ya kuomba wiki ya safari. Tiketi msikate mpaka pasipoti zirudi mkononi. Barua ya mwaliko nikiambiwa inahitajika, nitaiandika, ila nitumie majina ya watoto kama yalivyo kwenye pasipoti zao, usinitumie ya kubembelezea.

Leteni hiliki na pilipili manga za kusagwa, zilizofungwa dukani, na mbuzi mpya wa kukunia nazi, wangu meno yameisha kwa chumvi. Matunda na mbegu msibebe, watawanyang'anya uwanjani.

Tunang'oa nanga Jumatatu. Mpaka Puerto Escondido mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo usipotupata siku nne au tano usianze kupiga simu kwa shangazi zako. Nijibu la viza kabla ya Jumapili usiku kama unaweza.

Mama yako