Gari kutetemeka likiwa la baridi

Ndugu, kama linatetemeka asubuhi tu na likishapata moto linatulia, usikimbilie kununua plagi na koili. Anza na sensa ya joto la maji, ile inayopeleka taarifa kwenye kompyuta, siyo ya geji ya dashibodi (mara nyingi ni mbili tofauti). Ikidanganya kwamba injini ina moto, kompyuta inabana mafuta wakati yanahitajika zaidi. Gari likiwa limelala usiku kucha, chomoa soketi ya sensa upime ukinzani wa sensa kwa mita: nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi 300 hivi kwenye nyuzi 80.

Sensa ikiwa nzima, kanyaga mafuta kidogo. Likitulia hapo hapo, shuku vali ya sailensa (ile inayopitisha hewa ya kuifanya injini iunguruke bila kukanyaga mafuta, siyo ya bomba la moshi): masizi huikwamisha, na kuisafisha mara nyingi kunatosha. Kagua pia mipira ya vakyumu (mabomba madogo ya mpira ambamo injini huvuta hewa), hasa kwenye viungio. Mpira mkavu huvuta hewa ukiwa baridi, kisha joto linaulainisha na kuziba ufa, ndiyo maana fundi akilipokea mchana haoni kitu. Mwachie gari tangu jioni.