Mkuu weka hiyo nyundo chini kwanza (beringi na bushi za nyuma za Forester)

Nimesoma umeandika "nina jeki, nina nyundo ya kilo 2 na soketi kubwa, Jumamosi nashusha nyuma yote mwenyewe, beringi, bushi na shokapu, mnashauri nini", chai yangu imepoa hapa. Hayo maneno niliyasema mimi mwaka 2021, hapa hapa Dar, na gari ni hilo hilo lako, Forester SG5. Yalinitoka laki 4 na ushee, kwa kazi ambayo nilikuwa nakwepa kulipia elfu 15.

Ilikuwa hivi. Gari lilikuwa linavuma nyuma kama ndege inataka kuruka, likifika 60 unaongeza redio, likifika 90 redio nayo inasalimu amri. Ukikata kulia mvumo unazidi, ukikata kushoto unapungua, maana yake uzito ukilalia kushoto ndo beringi inalia, basi mgonjwa ni beringi ya kushoto. Nikapiga jeki, mkono mmoja nikashika springi, mwingine nazungusha tairi, springi inatetema vidoleni kama simu iliyowekwa vaibresheni. Mpaka hapo nilikuwa fundi kabisa, sijakosea kitu, wife mwenyewe alileta juisi.

Sasa hizi Forester za zamani beringi ya nyuma siyo ile ya Corolla NZE unayofungua boliti 4 unatoa habu nzima (kile kipande tairi linapofungwa) unaweka nyingine unaenda kuoga. Hii imebanwa ndani ya nako, kile chuma kizito kinachobeba habu, kuna klipu inaizuia isitoke, halafu habu nayo imebanwa ndani ya beringi. Kuna jamaa mtaani kwetu, namuita fundi kwa sababu ya adabu tu, akaniambia "kaka hiyo unagonga tu, presi ni za waoga" (presi ni ile mashine ya kusukumia chuma taratibu kwa nguvu kubwa). Na video niliyoiangalia usiku ndo ikanimaliza, mtu anacheka, anagonga mara 5, picha inakatwa, beringi iko ndani na kashanawa mikono. Ukweli wote ulikuwa kwenye hicho kipande alichokata, mungu anamuona.

Basi nikagonga. Habu kutoka imetoka, lakini ringi ya ndani ya beringi ikabaki imeng'ang'ania kwenye habu (na itabaki hata kwako, ndo kawaida yake, ndo maana beringi ikishatolewa hairudishwi tena usidanganywe). Nikachukua grainda niikate, mkono ukateleza, nikachimba mfereji kwenye habu yenyewe. Nikasema haina neno, nikapaka grisi, maana sisi mafundi wa uani grisi ni sadaka ya kila dhambi. Beringi ya zamani nikaitoa kwa kupiga chuma huku na huku, ikatoka imekwaruza nako kwa ndani. Beringi mpya, elfu 90, nilikuwa nimeilaza kwenye friza usiku kucha pembeni ya samaki ili isinyae kidogo, hiyo mbinu ni ya kweli na inasaidia, ila haifuti ujinga uliobaki. Nikaanza kuigonga ikaingia upogo, nikagonga upande wa pili kuinyoosha, ikaenda upogo wa huko, na muda wote huo soketi yangu ilikuwa inakaa kwenye ringi ya ndani kwa sababu ndo soketi pekee niliyokuwa nayo.

Hapo nisikilize vizuri maana ndo pesa ilipoungulia. Beringi ina ringi ya nje na ringi ya ndani, katikati gololi. Unapoiingiza kwenye nako inayobanwa ni ya nje. Ukisukuma ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, na gololi zinachimba vidimbwi kwenye njia yake. Huvioni kwa macho. Ukizungusha kwa kidole inateleza kama mafuta, unajipongeza, unapiga picha unatuma kwenye grupu. Halafu habu inapoingia ni kinyume, inayobanwa sasa ni ringi ya ndani, kwa hiyo hiyo ya ndani lazima iwekewe kitu cha kuikalia kwa nyuma, usipoiwekea unaua gololi kwa mara ya pili. Mimi niliziua mara zote mbili, na kwa nyundo.

Siku ya 12 niko Morogoro Road naelekea Kibaha, mvumo huo umerudi. Nikajifariji ni tairi. Wiki ya 4 gurudumu linacheza ukilishika juu na chini. Nikaenda gereji yenye presi, mzee wa pale akageuza nako, akaniangalia, akauliza "hii mligombania na nani?" Tundu lilishapanuka, beringi mpya ikawa inaingia kwa kidole. Ikabidi niende mtaa wa Gerezani kwenye spea za mtumba, nako ya mtumba na habu yake laki 2, beringi nyingine elfu 95, alaimenti elfu 30, jumlisha na ile elfu 90 iliyokufa kwa kipigo. Na kazi ya presi yenyewe unajua aliniambia ngapi? Elfu 15. Dakika 10. Nilitaka nilie pale pale ila kulikuwa na wateja.

Kwa hiyo sisemi usifanye nyumbani. Fungua kila kitu mwenyewe, raha yake ni kubwa, lakini nako ibebe kwenye mfuko wa salfeti, panda bodaboda, ipeleke kwenye presi, na usimame hapo hapo uangalie anasukuma ringi ipi. Hata mwenye presi akisukuma isiyo yake matokeo ni yale yale ya nyundo, tofauti ni risiti tu. Mwambie nguvu ipite kwenye ringi inayobanwa, akikuona mjuaji poa, nuna naye.

Kwenye kuitoa hiyo nako kuna boliti moja ndefu imepita chini kwa chini, hiyo inakamatana na kutu mpaka unaweza kuhama nyumba, hasa kama gari lilikuwa sehemu za Japani zenye theluji na chumvi za barabarani. Ianze Alhamisi kwa dawa ya kutu, usiianze Jumamosi. Na ukiigonga acha nati ikiwa juu yake, usipige nyuzi.

Bushi umeuliza, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari, na hapa napo watu wengi wanaharibu. Usikaze boliti za bushi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Raba inafungwa ikiwa kwenye pozi la kuning'inia, ukishusha gari inajinyonga, miezi michache imechanika na utasema umeuziwa feki. Zifunge kwa mkono, shusha gari lilalie matairi yake, ndo uingie uvunguni ukaze. Ila nati kubwa ya ekseli ni kinyume, hiyo ikazwe gari likiwa bado juu, mtu akanyage breki, maana uzito ukiilalia beringi kabla haijabanwa umeanza kuiua upya. Nimeshaona mtu anachanganya hizo mbili, na huyo mtu anavaa viatu vyangu.

Uko pande zipi? Ukiwa karibu na Tabata nistue nikuonyeshe presi ilipo. Nako yangu ile ya zamani bado ninayo, naiwekea mlango wa stoo usijipigize na upepo, pitia uione.