Jibu: Je, mapambano ya kushtukiza yanaua uhalisia wa gemu?
Ndugu, umeuliza kama maadui wanaozuka ghafla bila kuonekana wanamtoa mchezaji ndani ya ulimwengu wa gemu. Kwangu, kinachomtoa ni kukatizwa ovyo. Kwenye gemu ya Final Fantasy VII (1997) unatembea zako, mara skrini inageuka, unahamishiwa uwanja wa vita. Ukirudi umeshasahau ulikuwa unaelekea wapi. Chrono Trigger ya 1995 ilishalipatia dawa: maadui wengi unawaona wakizurura, na mnapigana palepale.

Pokémon nayo naipenda sana kwa hili. Viumbe hujificha kwenye majani marefu, kwa hiyo hatari ina makao yake na wewe ndiye unayeamua kuingia. Gemu ya Bravely Default inakuruhusu kuyazima kabisa mapambano haya ya kushtukiza, ila ukifanya hivyo mapango yanapooza mno.